Shinyanga hadi Geita kwa Anga: Umbali, Muda wa Kuruka na Muda Halisi wa Safari

Umbali wa moja kwa moja angani kati ya Uwanja wa Ndege wa Shinyanga, ulioko Ibadakuli, na Uwanja wa Ndege wa Geita, ulioko Chato, ni takriban kilomita 220, sawa na maili za baharini 119. Ndege ya abiria ya pangaboi yenye viti 70 hivi ingetumia dakika 35 hadi 40 tangu magurudumu yaiache ardhi ya Shinyanga hadi yaiguse ardhi ya Chato.

Takwimu hizo ni za kweli, na ndizo zinazotafutwa na wengi wanaopanga safari kati ya mikoa hii miwili. Hata hivyo, zinajibu swali moja tu, nalo ni muda wa ndege kuwa hewani. Haziwaambii wananchi saa ngapi watafika wanakokwenda, wala haziwatahadharishi kuwa uwanja unaobeba jina la Geita hauko katika mji wa Geita. Kwa mfanyabiashara anayewahi soko, fundi anayepeleka kipuri mgodini au familia inayomsafirisha mgonjwa, tofauti kati ya maswali hayo mawili inaweza kuwa nusu siku nzima.

Makala haya yanaeleza namna umbali huo unavyopatikana, muda unaohitajika kwa aina mbalimbali za ndege, na namna ya kulinganisha usafiri wa anga na ule wa barabara.

Viwanja viwili na mahali vilipo

Uwanja wa Ndege wa Shinyanga uko katika Kata ya Ibadakuli, Manispaa ya Shinyanga, na katika tiketi hutambulika kwa herufi SHY. Kwa miaka mingi njia yake ya kurukia na kutua ndege ilikuwa ya changarawe. Uwanja huo ni miongoni mwa viwanja vinne vilivyowekwa katika mradi wa uboreshaji unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya; vingine ni Tabora, Kigoma na Sumbawanga.

Uwanja wa Ndege wa Geita uko Wilaya ya Chato, upande wa magharibi wa mkoa, jirani na Ziwa Victoria. Njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 45, vipimo vinavyoruhusu hata ndege kubwa za jeti kutua. Katika mazungumzo ya kila siku wananchi huuita Uwanja wa Chato; katika ratiba za safari hutajwa zaidi kwa jina la Geita. Majina hayo mawili ya uwanja mmoja ndiyo chanzo cha mkanganyiko unaoelezwa zaidi hapa chini.

Mbali na viwanja hivyo vya umma, ukanda huu una viwanja vilivyojengwa kwa ajili ya migodi. Mwadui, ambako Dk. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi mwaka 1940, una uwanja wake. Mgodi wa Dhahabu wa Geita nao una uwanja wake, sawa na ilivyokuwa kwa Buzwagi mjini Kahama. Kutua katika kiwanja cha mgodi kunahitaji idhini ya mmiliki; kwa hiyo msafiri wa kawaida hawezi kuvihesabu kama vituo vya safari yake bila kuthibitisha kwanza.

Uhusiano wa maeneo haya una mizizi ya kiutawala pia. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya mikoa mitatu: Geita yenyewe ilitoka Mwanza, Chato ilitoka Kagera, na Bukombe, ambayo baadaye ilizaa Wilaya ya Mbogwe, ilitoka Shinyanga. Mstari wa mpaka ulihama, lakini ndugu, mashamba na biashara vilibaki pale pale. Ndiyo maana safari kati ya Shinyanga na Geita si za migodi pekee. Ni za misiba, harusi, mashauri ya ardhi, mifugo na mazao.

Jinsi umbali wa anga unavyopatikana

Umbali wa anga hupimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, bila kufuata barabara, mto wala mwinuko. Vikokotoo vya kompyuta hutumia kanuni inayozingatia uduara wa dunia, ambayo nusu kipenyo chake ni kilomita 6,371. Kwa maeneo yaliyo karibu na Ikweta kama Shinyanga na Chato, hesabu hiyo inaweza kufanywa hata kwa kalamu na karatasi.

Ibadakuli iko katika latitudo ya nyuzi 3 na dakika 37 Kusini, longitudo ya nyuzi 33 na dakika 30 Mashariki. Mji wa Chato uko katika latitudo ya nyuzi 2 na dakika 38 Kusini, longitudo ya nyuzi 31 na dakika 46 Mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 59. Tofauti ya longitudo ni dakika 104.

Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Karibu na Ikweta, dakika moja ya longitudo nayo inakaribia kuwa na urefu huo huo. Kwa hiyo ndege inayotoka Ibadakuli hupaswa kusogea maili 59 kuelekea kaskazini na maili 104 kuelekea magharibi. Kwa kanuni ya pembetatu mraba inayofundishwa sekondari, kipeuo cha pili cha jumla ya 59 mara 59 na 104 mara 104 ni karibu 119.6. Ukizidisha kwa 1.852 unapata kilomita 221. Kwa kuwa uwanja na mji wa Chato si nukta moja, ni sahihi kusema takriban kilomita 220.

Kwa njia hiyo hiyo, umbali wa anga kati ya maeneo mengine yanayohusika na safari hii ni kama ifuatavyo:

Shinyanga (Ibadakuli) hadi Geita mjini: takriban kilomita 163.
Shinyanga (Ibadakuli) hadi Mwanza: takriban kilomita 144.
Mwanza hadi Chato: takriban kilomita 131.
Dar es Salaam hadi Shinyanga: takriban kilomita 730.
Dar es Salaam hadi Chato: takriban kilomita 950.

Mstari unaopita juu ya ukanda wa dhahabu

Ndege inayofuata mstari wa moja kwa moja kutoka Ibadakuli kwenda Chato huelekea magharibi na kupinda kidogo kaskazini. Huiacha nyuma tambarare kavu ya Shinyanga yenye mashamba ya pamba, mtama na mpunga, kisha huingia katika anga la Msalala na Nyang'hwale. Kusini mwa mstari huo hubaki Bulyanhulu, mgodi wa chini ya ardhi ulioanza uzalishaji mwaka 2001, na mbele zaidi kusini hubaki Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009 na ambao uchimbaji wake umekwisha. Baada ya hapo ardhi huanza kuwa na vilima na miti zaidi, na mstari hupita jirani na mji wa Geita, yalipo makao makuu ya mkoa na mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Ni baada ya kuupita mji huo ndipo safari humalizikia Chato.

Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini. Abiria wa Shinyanga anayekwenda Geita mjini, akishuka Chato, atakuwa ameupita mji anaokwenda akiwa angani, kisha atalazimika kurudi nyuma kwa barabara.

Muda wa kuruka kwa aina ya ndege

Muda wa safari ya anga hautokani na kugawa umbali kwa mwendo pekee. Ndege hutumia dakika kadhaa kupanda, kupunguza mwendo, kujipanga na njia ya kutua na kushuka. Katika safari fupi kama hii, sehemu hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ndege hufika kimo chake, hutulia kwa muda mfupi na kuanza kushuka. Kwa kuongeza dakika 10 hivi za kupanda na kushuka, makadirio ya kilomita 220 ni haya:

Ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna Caravan, yenye mwendo wa kilomita 340 hivi kwa saa: dakika 45 hadi 50.

Ndege ya pangaboi aina ya ATR 72, inayosafiri kwa kilomita 500 hivi kwa saa: dakika 35 hadi 40.

Ndege ya pangaboi aina ya Dash 8-400, ambayo katika safari fupi huweza kwenda kilomita 600 kwa saa: dakika 30 hadi 35.

Ndege ya jeti aina ya Airbus A220: karibu nusu saa.

Jedwali hilo linaonesha kuwa tofauti kati ya ndege ya jeti na ile ya pangaboi katika umbali huu ni dakika chache tu. Jeti hupata faida yake ikiwa juu sana na kwa umbali mrefu. Katika kilomita 220 haipati nafasi ya kufika katika mwendo wake kamili kabla ya kutakiwa kushuka. Hii ndiyo sababu ya kiufundi na ya kiuchumi inayozifanya ndege za mapangaboi kuwa chaguo la kawaida la safari fupi za mikoani.

Upepo nao huchangia. Katika Kanda ya Ziwa pepo za juu mara nyingi huvuma kutoka mashariki, hivyo ndege inayokwenda Chato husukumwa na inayorudi Shinyanga hukinzwa. Kwa upepo wa kilomita 30 kwa saa na ndege ya mwendo wa kilomita 500, tofauti kati ya kwenda na kurudi ni dakika 3 hivi.

Kwa nini vikokotoo vya mtandaoni hutofautiana

Wananchi wanaotafuta taarifa hizi mtandaoni huweza kukuta jibu la dakika 46 na kwingine dakika 17 kwa umbali ule ule. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila mmoja amehesabu kitu chake. Vikokotoo vingi huchukua mwendo wa jeti wa kilomita 800 kwa saa na kuongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Kilomita 220 kwa mwendo huo ni karibu dakika 17, na ukiongeza 30 unapata dakika kama 46. Kikokotoo kisichoongeza nusu saa hiyo hubakia na dakika 17, muda ambao hakuna ndege ya abiria inayoweza kuutimiza.

Lililo muhimu zaidi ni kuwa kikokotoo hakiulizi kama kuna ndege inayosafiri kati ya viwanja hivyo. Hupewa nukta mbili na kurudisha urefu wa mstari. Kuwepo kwa jibu la umbali na muda si ushahidi wa kuwepo kwa safari.

Kupitia Mwanza au Dar es Salaam

Ratiba za ndege za abiria nchini zimejengwa hasa kuunganisha mikoa na Dar es Salaam, huku Mwanza ikiwa kitovu cha Kanda ya Ziwa. Hazikujengwa kuunganisha mkoa mmoja na jirani yake. Kwa sababu hiyo, abiria wa Shinyanga anayetaka kufika Chato kwa ndege za ratiba hupaswa kufikiria safari ya vipande viwili, au kukodi ndege.

Njia ya Mwanza inaongeza umbali kidogo tu. Kilomita 144 za kwenda Mwanza na 131 za kutoka Mwanza hadi Chato ni jumla ya kilomita 275, yaani nyongeza ya kilomita 55. Ukipima hewani pekee, nyongeza hiyo ni dakika 20 hivi kwa sababu ya kutua na kuruka mara ya pili. Kinachokula muda ni kusubiri. Kama kipande cha pili hakiondoki siku hiyo, safari ya chini ya saa moja hewani hugeuka kuwa safari ya kulala njiani.

Njia ya Dar es Salaam ni mzunguko mkubwa. Kilomita 730 za kwenda pwani na 950 za kurudi Kanda ya Ziwa ni takriban kilomita 1,680, zaidi ya mara saba ya umbali wa moja kwa moja. Njia hiyo ina maana kwa mtu mwenye shughuli Dar es Salaam katikati ya safari, si kwa anayetaka kuvuka tu kutoka Shinyanga kwenda Chato.

Barabara: kipimo cha kulinganishia

Kwa safari kati ya mikoa hii miwili, mshindani halisi wa ndege ni barabara. Njia ya kusini hutoka Shinyanga kupitia Tinde, Kahama, Ushirombo na Runzewe, kisha hupinda kaskazini kupitia Bwanga hadi Chato. Njia ya kaskazini hufuata barabara ya Mwanza hadi Usagara, huvuka Ghuba ya Mwanza kati ya Kigongo na Busisi, na kuendelea kupitia Sengerema, Geita, Katoro na Bwanga. Njia zote mbili zinazidi kilomita 300, ikilinganishwa na 220 za anga.

Mabasi ya abiria hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kila gari hutakiwa kushuka hadi kilomita 50 kwa saa katika makazi. Kwa kuwa barabara hizi hupita katika miji midogo mingi, wastani wa kilomita 60 kwa saa ndio wa kutegemewa. Kwa wastani huo, Shinyanga hadi Chato ni zaidi ya saa 5 bila kuhesabu vituo vya kupumzika.

Njia ya kaskazini ilibadilika tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la John Magufuli (Kigongo–Busisi) lenye urefu wa kilomita 3. Kabla ya hapo magari yalivushwa kwa kivuko, na msafiri alipaswa kujumlisha muda wa foleni ambao hakuna aliyeweza kuutabiri kwa uhakika. Sasa kuvuka ghuba hiyo kwa gari ni suala la dakika chache, usiku na mchana. Kwa msafiri wa Shinyanga anayekwenda Geita mjini, daraja hilo limefanya jambo ambalo ndege ya kushuka Chato haiwezi kulifanya: limemfikisha moja kwa moja anakokwenda, kwa muda unaoweza kukadiriwa tangu anapoondoka nyumbani.

Anayekwenda Geita mjini na anayekwenda Chato

Ili kuona uzito wa jambo hili, chukulia kuwa ndege ya kukodi aina ya ATR inapatikana kutoka Ibadakuli. Abiria hutoka nyumbani mjini Shinyanga na kutumia nusu saa hadi uwanjani. Hufika saa moja kabla ya kuondoka kwa ajili ya ukaguzi na mizigo. Ndege hukaa hewani dakika 40. Kushuka na kuchukua mizigo ni dakika 20. Jumla ni saa mbili na nusu.

Kama anakwenda Chato, karibu amefika. Dhidi ya zaidi ya saa 5 za barabara, ndege imemwokolea nusu ya muda wake au zaidi.

Kama anakwenda Geita mjini, bado ana safari. Kwa mstari wa moja kwa moja, miji ya Chato na Geita imetengana kwa kilomita 58, lakini barabara hushuka kwanza kusini hadi Bwanga kabla ya kugeukia Katoro na Geita, na urefu wake ni kama kilomita 100. Hiyo ni saa moja na nusu zaidi, na jumla hufikia saa 4. Kwa upande mwingine, barabara kutoka Shinyanga kupitia Usagara na daraja la Kigongo–Busisi hadi Geita mjini ni kati ya kilomita 220 na 250, ambazo kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa huchukua muda wa saa 4 hivi.

Kwa maneno mengine, kwa safari hiyo ndege na gari hufika karibu wakati mmoja, ilhali gharama zake haziko katika mizani moja. Dakika 40 za angani zimemezwa na ardhi pande zote mbili.

Hesabu hii ni muhimu zaidi pale mgonjwa anapohusika. Ukanda huu unahudumiwa na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato. Katika rufaa ya dharura, muda unaookoa maisha ni ule wa kutoka kitanda kimoja hadi kingine: kumwandaa mgonjwa, kumpeleka uwanjani kwa gari la wagonjwa, kumpandisha, kuruka, kumshusha na kumpokea. Ndege iliyo tayari uwanjani inaweza kushinda barabara kwa saa kadhaa. Ndege inayotakiwa kwanza itoke mkoa mwingine inaweza isishinde kabisa. Uamuzi huo ni wa daktari na timu ya rufaa, lakini ndugu wanaofahamu hesabu hii huelewa kwa nini wakati mwingine gari huondoka mara moja badala ya kusubiri ndege.

Saa, jua na hali ya hewa

Shinyanga na Geita ziko katika saa moja, ile ya Afrika Mashariki, hivyo msafiri harekebishi saa yake. Jua, hata hivyo, huchomoza na kuzama Chato dakika 7 hivi baada ya Shinyanga, kwa sababu Chato iko magharibi zaidi. Katika maeneo haya jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kiwanja kisicho na taa za njia ya kurukia hupokea ndege mchana tu. Hivyo ndege iliyochelewa alasiri inaweza kuahirishwa hadi kesho yake hata kama hali ya hewa ni njema.

Jambo lingine ni usomaji wa tiketi. Tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24, ambamo 08:00 ni saa 2:00 asubuhi na 14:30 ni saa 8:30 mchana. Anayesoma 08:00 kama saa 8 mchana atafika uwanjani ndege ikiwa imeondoka saa 6 kabla. Ni kosa dogo la kusoma, lakini gharama yake ni nauli nzima.

Viwanja vyote vya ukanda huu viko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, na joto la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi. Injini hupata nguvu kidogo na mabawa hubeba uzito mdogo, hivyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili kuruka. Hii ni sababu mojawapo ya rubani kupunguza mizigo mchana wa joto, na pia sababu ya urefu na ubora wa njia ya kurukia kuamua ni ndege gani itatua wapi.

Msimu wa mvua huleta mawingu ya radi, hasa jirani na ziwa. Rubani halazimiki kuyapita. Huyazunguka, husubiri au hugeukia uwanja mwingine. Mzunguko wa kilomita 50 kukwepa wingu huongeza dakika 6 kwa ndege ya kilomita 500 kwa saa. Utabiri hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), na usalama wa safari husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), wakati viwanja vya umma huendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA).

Kupanga safari

Msafiri kati ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita anashauriwa kuanza na mahali anapokwenda, si na jina la uwanja. Anayekwenda Chato au Biharamulo ana sababu ya kuutafuta Uwanja wa Geita. Anayekwenda Geita mjini, Katoro au Nyang'hwale alinganishe kwanza na barabara, na aangalie pia uwezekano wa kushukia Mwanza na kuvuka daraja. Anayekwenda Kahama, Bukombe au Mbogwe yuko upande wa barabara ya kusini, na kwenda Chato kwanza kutamrefushia safari.

Pili, athibitishe kwa shirika la ndege lenyewe siku na saa za safari, kituo cha kubadilishia ndege, na iwapo uwanja wa kuanzia unapokea ndege za abiria kwa wakati huo. Ratiba hubadilika, na kazi za uboreshaji wa uwanja huweza kuathiri huduma.

Tatu, ajumlishe muda wote: kutoka nyumbani hadi uwanjani, kusubiri, kuruka, mizigo, na barabara ya mwisho. Jumla hiyo ndiyo ilinganishwe na muda wa basi au gari.

Kilomita 220 zitabaki kuwa 220, na ndege itazimaliza kwa dakika 40 leo na kesho. Kinachobadilika ni ardhi iliyo pande mbili za mstari huo: lami ya Ibadakuli, daraja la Kigongo–Busisi, barabara za kuingia migodini. Kila moja ikikamilika, hesabu ya msafiri hubadilika, na inafaa ifanywe upya kabla ya kulipa nauli.